Sura ya Tano: Gari la Ahali

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikiisha kupita Chalinze na Morogoro, ikaikata mbuga ya Mikumi, ikapanda mlima Kitonga, ikapita Iringa, Makambako na Mbeya, na kuvuka mashamba ya kahawa ya Mbozi, huikamilisha safari yake ya zaidi ya kilomita 900 katika mji wa Tunduma, ambao watu wake wametengwa na wenzao wa Nakonde ya Zambia kwa mstari wa sheria kuliko kwa umbile la nchi. Mtu akisimama kando ya barabara hiyo pale Mpemba, huona misafara miwili ikipishana usiku na mchana. Kutoka Zambia huja malori yaliyoelemewa na shaba ya nchi hiyo na ya Kongo, yakielekea bandarini. Na kutoka bandarini huja magari madogo ya mtumba yaliyoshushwa kutoka Japani, yale yaitwayo magari ya IT, yaendeshwayo na madereva wa kukodiwa hadi mpakani, yakavuka kwenda kwa wenyewe wa Lusaka, Ndola na Lubumbashi. Mengine hayavuki: yamelipiwa ushuru, yamesajiliwa, na yatakaa Tunduma, Vwawa, Mlowo na vijiji vya Momba hadi mwisho wa uhai wake.

Katika magari hayo, sura hii inashughulika na aina moja: gari la ahali, yaani gari la safu tatu za viti, aghalabu lenye mlango wa kusukuma ubavuni, liwezalo kuchukua baba, mama, watoto, bibi aliyekuja mjini kutibiwa na gunia la mchele wa Kamsamba kwa safari moja. Toyota Noah na ndugu yake Voxy, Nissan Serena, Honda Stepwgn, Toyota Alphard, Wish na Sienta ni majina yasiyohitaji kufafanuliwa kwa mtoto wa shule wa Tunduma. Lakini wachache wanajua kwamba upana wa kiti, kimo cha sakafu, upande wa mlango na aina ya giaboksi katika kila gari la namna hii ni maamuzi yaliyofanywa na kampuni moja ili kuishinda nyingine, mbele ya mnunuzi ambaye si sisi. Sisi ni warithi wa mashindano hayo. Na maadamu mrithi hupokea mali pamoja na madeni yake, yatupasa kuzijua sababu zilizoyafanya magari haya yawe jinsi yalivyo, ili tujue tunachokipokea, na tujiweke tayari kwa kile kitakachokuja baadaye.

Si kila zama Afrika ya Mashariki ilikuwa mrithi tu. Palikuwa na wakati ambapo kampuni za magari zilishindana hapa hapa, juu ya ardhi yetu, kwa ajili ya mnunuzi wa hapa. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa soko kabla ya kuwa mchezo, kwani gari lililoyamaliza likiwa zima lilijipatia sifa ambayo hakuna tangazo la gazeti lililoweza kuinunua. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963. Ikashinda tena mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Na mwaka 1968, mwaka wa mvua kali ambapo magari saba tu yalifika mwisho, 404 ikashinda mara ya nne. Kampuni hiyo ya Kifaransa ilikuwa pia na 404 ndefu ya safu tatu za viti, na baadaye 504 ya namna hiyo hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa gari la kifahari la familia kubwa na teksi ya masafa marefu kwa wakati mmoja. Kisha ikaja zamu ya Japani: Datsun ikashinda mwaka 1970 na 1971, na kuanzia 1979 hadi 1982 ikatwaa ushindi miaka minne mfululizo. Mtu wa bara aliyesikiliza redio wakati huo alikuwa akisomewa, bila ya kujua, hati ya uhamisho wa soko kutoka Ulaya kwenda Mashariki ya Mbali.

Hata hivyo mtu wa kawaida wa Tunduma hakuwa na nafasi ya kuchagua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, uingizaji wa magari uliwekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, na gari likawa kitu cha kugawiwa kwa kibali. Mafuta yalipokuwa adimu, magari ya watu binafsi yalikatazwa hata kutembea Jumapili alasiri. Mji huu ulipitiwa na barabara ya lami na reli ya TAZARA, kazi mbili kubwa zilizozaliwa na haja ya kuiokoa Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao tarehe 11 Novemba 1965. Lakini vyombo vilivyopita juu yake vilikuwa vya shaba, mafuta na mbolea, wala si vya ahali. Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha za kigeni zao wenyewe kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo bila ya kuulizwa walikozipata. Na katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985, mlango huo ukazidi kupanuliwa. Walakini kampuni zilizoshindana hapa kwa magari mapya hazikupata faida kubwa ya uhuru huo, kwa sababu mnunuzi aliyetoka katika ukame wa miaka kumi hakuwa na fedha za gari jipya. Alikuwa na fedha za gari lililokwisha kutumiwa na mwingine.

Kwa bahati, au tuseme kwa kudra, katika miaka hiyo hiyo watengenezaji wa dunia walikuwa wameanza kugombania familia kwa nguvu ambazo hazikuonekana kabla yake. Chanzo kilikuwa Marekani. Mhandisi Hal Sperlich alikuwa na fikra ya gari refu la kimo, lenye sakafu ya chini na magurudumu ya mbele yavutayo, litakaloingia katika banda la gari la nyumba ya kawaida na bado libebe watu saba. Lakini Henry Ford wa Pili hakuiridhia, na Sperlich akaondolewa Ford mwaka 1976. Alikwenda Chrysler, na Lee Iacocca, naye alipofukuzwa Ford mwaka 1978, akamfuata huko. Kampuni hiyo, iliyokuwa imesalimika kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, ilitoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager mwishoni mwa mwaka 1983, na watu wakazinunua kwa wingi hata kampuni kubwa kuliko yake zikashindwa kwa miaka mingi kuifikia. Ufaransa nako fikra iyo hiyo ilipitia mkono wa Peugeot, ambayo iliikataa, ikaenda kwa Renault na kuwa Espace ya mwaka 1984, gari ambalo katika mwezi wake wa kwanza liliuzwa tisa tu, kisha likawa mfano kwa bara zima. Ni ajabu kwamba Peugeot, iliyojua kuliko wengine wote jinsi familia kubwa inavyosafiri katika barabara mbovu, ndiyo iliyoiachia fursa hiyo ipite.

Japani ilikuwa na msingi wake. Tangu Hiace ya mwaka 1967 na magari madogo ya mizigo kama Lite Ace na Town Ace, mafundi wa Toyota walijua kuweka injini chini ya viti vya mbele na kuacha mwili wote wa gari uwe chumba. Wenye maduka waliyatumia siku za kazi kwa mizigo na siku ya mapumziko kwa watoto. Lakini gari la namna hiyo lilipanda juu, liliunguruma miguuni pa dereva, na likigongana lilimwacha dereva bila ya kinga mbele ya magoti yake. Aliyeitumia kasoro hiyo ni Honda, kampuni ambayo haikuwa na gari la mizigo la kuligeuza. Mwaka 1994 iliunda Odyssey juu ya msingi wa Accord, gari la kutembelea, ikiwa na safu tatu za viti, milango ya kawaida na paa la chini lililoruhusu lipite katika mstari ule ule wa kiwanda. Na upungufu ule wa vifaa ukageuka kuwa fadhila, kwani familia za Japani zilipenda gari la watu wengi lisilo na tabia za lori. Mwaka 1996 Honda ikaongeza Stepwgn, gari la umbo la sanduku, lenye magurudumu ya mbele yavutayo na sakafu ambayo mtoto mdogo aliweza kuipanda mwenyewe.

Toyota ilijibu mwaka huo huo kwa Town Ace Noah na Lite Ace Noah, ambazo zilipewa pua fupi mbele kwa ajili ya usalama, lakini zikabaki na injini chini ya viti na nguvu katika magurudumu ya nyuma. Hii ndiyo Noah ya kwanza, ile inayojulikana na kila gereji ya mkoa wetu wa Songwe. Nissan, ambayo ilikuwa na Serena ya namna hiyo tangu mwaka 1991, ilikuwa katika dhiki kubwa ya madeni, hata mwezi Machi 1999 ikaungana na Renault ili isizame. Walakini katika mwaka huo huo wa shida ilitoa Serena mpya iliyovutwa kwa magurudumu ya mbele na yenye milango ya kusukuma pande zote mbili, jambo ambalo washindani wake wa kimo hicho hawakuwa wamelifanya. Toyota ilipoona kwamba imezidiwa pande mbili, iliiacha asili yake: Noah ya Novemba 2001 ilikuwa gari jipya kabisa, injini imehamia mbele, sakafu imeshuka, na milango inasukumwa kulia na kushoto. Na ushindani ulipohamia katika magari ya chini zaidi, Honda ilipotoa Stream mwaka 2000, Toyota ilijibu mwaka 2003 kwa Wish, ambayo urefu wake wa milimita 4,550 na upana wake wa milimita 1,695 ulikuwa sawasawa na wa mshindani wake. Mtu akiziona Stream na Wish zimeegeshwa ubavu kwa ubavu na kudhani zimechorwa na mkono mmoja, hana kosa kubwa. Moja ilichorwa huku mchoraji akiitazama nyingine.

Kuna hila nyingine ya tijara ambayo imeleta ubishi usiokwisha katika vijiwe vyetu. Toyota kwao ilikuwa na mitandao kadhaa ya maduka, kila mmoja ukiwa na wenyewe wake na wateja wake, na kila mmoja ukitaka gari lake. Basi gari lile lile la mwaka 2001 likapewa nyuso mbili: Noah yenye sura ya upole kwa mtandao mmoja, na Voxy yenye sura ya ujana na ukali kwa mwingine. Alphard ya mwaka 2002 nayo iligawanywa hivyo hivyo kwa taa na nembo. Mwezi Mei 2020 Toyota iliruhusu maduka yake yote ya Japani kuuza magari yake yote, na sababu ya nyuso mbili ikafifia. Ni vyema mnunuzi wa Tunduma ajue kwamba anapolipa zaidi kwa Voxy kuliko kwa Noah ya mwaka na hali ileile, injini, giaboksi na miguu ya magari hayo ni mamoja. Tofauti anayoilipia ilibuniwa ili wauza magari wawili wa Japani wasigombane.

Yafaa sasa tuulize kwa nini magari haya huja kwetu yakiwa bado na nguvu. Japani huyakagua magari ya watu binafsi yakifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na gharama zake humfanya mwenye gari afikirie kulibadilisha mapema. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake huzidi. Mwezi Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani zikayazuia magari ya dizeli yatoayo moshi mchafu, na magari mengi ya namna hiyo yakatafutiwa masoko ya ng'ambo. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Watanzania na Wazambia, kwa hiyo usukani haudai kuhamishwa. Juu ya hayo kuna uwiano mmoja ambao haukupangwa na yeyote. Sheria ya Japani huliweka katika daraja la magari madogo gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000, na kodi yake ya mwaka hupanda kwa kadiri ya ujazo wa injini, ndiyo maana Noah, Serena na Stepwgn za zamani zilibanwa ndani ya mipaka hiyo. Na sheria ya Tanzania, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa gari lililozidi ujazo wa 1,000 bila ya kuzidi ule ule wa 2,000, na asilimia 10 kwa lililouzidi huo, kabla ya kuongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Basi Noah iliyobanwa kwa ajili ya mlipa kodi wa Japani ikafika Dar es Salaam ikiwa tayari imebanwa kwa ajili ya mlipa kodi wa Tanzania, ilhali Alphard ya ujazo wa 2,400, iliyoundwa kwa ajili ya Wajapani wasiojali kodi, hutoza gharama yake huku pia. Umri nao una ushuru wake wa ziada, unaoanza gari likipita miaka 8 na kuzidi likipita 10. Kenya hukataa kabisa lililopita miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 hukataa lililopita 15. Tanzania imechagua kumtoza mwenye gari kuukuu kuliko kumzuia, na kwa hiyo Noah ya zamani bado ina njia ya kufika Tunduma.

Lakini hesabu ya forodha ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili hufanywa gereji. Nimepata kumtazama fundi kijana wa Tunduma akimkagulia Noah mwalimu mmoja mstaafu. Hakuanza kwa kufungua boneti. Alitandika boksi la karatasi chini, akajilaza chali, na kwa ncha ya bisibisi akapapasa kingo za bodi chini ya milango, akitafuta kutu. Kwa sababu gari lililoishi kaskazini ya Japani, katika miji ya theluji kama Sapporo, limepita miaka mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma kimya kimya. Alipoinuka aliusukuma mlango wa ubavuni mara kadhaa, ameinamisha kichwa akisikiliza vigurudumu vyake. Kisha ndipo akafungua boneti, akasoma maandishi juu ya injini, na akamgeukia mnunuzi.

“Mzee wangu, bodi ni nzima, lakini injini hii ni D-4. Ukiipenda, uipende pamoja na pampu yake.”

“Na ile Noah ya kwanza, mwanangu?”

“Ile inakula mafuta zaidi, mzee, na ukitaka kuiona injini lazima uinue kiti. Lakini hata nikiamshwa usiku naitengeneza kwa mwanga wa tochi.”

Hukumu ya kijana yule ilikuwa na elimu nyingi kuliko ilivyoonekana. Injini ya D-4 iliyowekwa katika Noah ya mwaka 2001 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye shinikizo kubwa, na ilibuniwa ili gari litumie mafuta machache na kutoa hewa safi katika nchi yenye petroli safi na huduma kwa wakati wake. Petroli yenye uchafu huidhuru pampu hiyo, na masizi hujenga tabaka katika njia ya kuingizia hewa. Toyota yenyewe, ilipotoa Noah ya mwaka 2007, iliiacha injini hiyo na kurudia mtindo mwepesi zaidi. Nissan kwa upande wake iliweka imani kubwa katika giaboksi isiyo na meno ya gia, ile iitwayo CVT, ambayo huendesha kwa mkanda wa chuma na hudai mafuta yake mahsusi. Fundi aliyeitilia mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa kutojua ameiua bila ya kukusudia, na mwenye gari akaondoka akiilaumu Nissan. Serena ikapata sifa mbaya katika gereji zetu kwa makosa ambayo baadhi yake si yake, huku kwao, katika miaka ya 2007 hadi 2009, ndiyo iliyoongoza mauzo ya magari ya aina hiyo. Na ile sakafu ya chini iliyomfurahisha mama wa Yokohama ndiyo inayokwaruza mawe katika njia za Momba wakati wa masika. Kila fadhila iliyoshindaniwa kule ina bei yake huku, na bei hiyo haimo katika karatasi za forodha.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba mnunuzi wa Tunduma, ambaye hakuna kampuni iliyomuuliza neno, amekuwa hakimu wa mwisho wa mashindano haya, na hukumu yake ina insafu. Mnunuzi wa kwanza alilihukumu gari kwa miaka michache, likiwa jipya, kwa rangi yake na ulaini wa viti vyake. Mnunuzi wa huku hulihukumu kwa muongo mmoja au miwili, likiwa limezeeka, kwa upatikanaji wa spea na kwa urahisi wa kutengenezwa. Bei ya Noah ya kwanza ilivyokaa bila ya kuanguka miaka mingi baada ya kiwanda kuiacha, na jinsi magari mengine yaliyokuwa ghali na ya kisasa yanavyokosa mnunuzi, ni ushahidi kwamba ahali za hapa zina maarifa ya soko yasiyoandikwa. Ingekuwa vyema kampuni zingeyasoma.

Na sasa kampuni hizo zimebadili tena mwendo, na mabadiliko hayo yatatufikia. Tangu RAV4 ya mwaka 1994 na Harrier ya mwaka 1997, familia za dunia zimevutwa na gari lililoinuka kutoka ardhini, lenye sura ya ushujaa hata kama haliachi lami. Kwao Marekani, Ford iliacha kutengeneza gari lake la ahali la mlango wa kusukuma katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mazda ikajiondoa katika soko hilo Japani, ikaziacha MPV, Premacy na Biante, ili nguvu zake zote ziende katika magari ya kuinuka kama CX-5. Na Espace yenyewe, iliyoanzisha yote Ulaya, imegeuzwa kuwa gari la aina hiyo mwaka 2023. Toyota, Nissan na Honda bado zinashindana kwa gari la mlango wa kusukuma kwao Japani, lakini uwanja umepungua washindani, na penye washindani wachache mwenye kununua huchaguliwa kuliko anavyochagua. Familia ya Tunduma inayotazama Harrier kwa tamaa na ijue kwamba inaacha safu ya tatu ya viti, na kwamba bibi na wajukuu hawatatosha katika safari moja.

Mwendo mwingine ni wa kutuelekea sisi wenyewe kwa mara ya kwanza tangu enzi za Safari. Tarehe 1 Januari 2019 Toyota iliikabidhi Toyota Tsusho, kampuni ndugu ambayo tangu mwaka 2012 inaimiliki kampuni ya biashara ya CFAO, shughuli za mauzo yake katika Afrika. Na kwa urafiki wake na Suzuki ilianza kuleta barani magari madogo yaundwayo India, yakiwemo Starlet na Rumion ya sasa ya viti saba, ambayo asili yake ni Suzuki Ertiga wala haina nasaba na ile Rumion ya mtumba tuliyoizoea. Nia iko wazi: kumtoa Mwafrika katika mtumba kwa gari jipya, dogo, lisilo na mapambo mengi. Nia hiyo ni njema, na yastahili kupewa nafasi. Lakini haitashinda kwa tangazo. Itashinda siku ambapo gari jipya litakuwa na spea katika duka la Tunduma kama lilivyo katika duka la Dar es Salaam, na mkopo ambao mshahara wa mwalimu waweza kuubeba.

Mwendo mkubwa kuliko yote ni wa umeme. Estima ya mchanganyiko wa petroli na umeme ilitoka mwaka 2001, Alphard ya namna hiyo mwaka 2003, Noah mwaka 2014, Sienta mwaka 2015, na Serena ya e-Power mwaka 2018. Na kwa desturi ya soko letu magari hayo yanaanza kuingia umri wa kuja huku. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa wingi wa magari yaliyouzwa nchi za nje, na silaha yake kuu katika kizazi kipya ni betri. Hapa ndipo malori yale yanayopita Mpemba yanapoingia katika hadithi yetu: shaba ndiyo inayokuwa nyaya na mota za magari hayo, na kobalti ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, huingia katika aina nyingi za betri zake. Madini yanapita mlangoni mwetu yakiwa malighafi, yanakwenda kufanywa magari, na magari hayo yatarudi mlangoni mwetu yakiwa yamechoka, na betri zake zimechoka pamoja nayo. Fundi asiyeijua D-4 hupoteza pampu. Fundi atakayepapasa betri ya gari la umeme bila ya kufundishwa aweza kupoteza maisha yake.

Basi wajibu umegawanyika. Mnunuzi na amtafute fundi kabla ya kulitafuta gari, amuulize anachokijua na spea anazozipata, kisha anunue ndani ya majibu hayo, kwani gari rakhisi lisilo na fundi ni ghali kuliko gari ghali lenye fundi. Mafundi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, ambao kwa bidii zao wenyewe wamejifunza kila kilichoshushwa bandarini tangu mwaka 1984, wasiachwe wajifunze umeme wa volti mia kadhaa kwa kujaribu. VETA na vyuo vingine vya ufundi viwafundishe katika gereji zao na kwa lugha yao, mapema, kabla magari hayo hayajawa mengi. Na serikali, inayokusanya kodi ya gari hili kwa ujazo wa injini na kwa umri wake, ifikirie kulipima pia kwa swali ambalo ahali za mpakani zimekuwa zikiliuliza miaka yote hii: je, linaweza kutengenezwa hapa litakapoharibika? Kampuni zitaendelea kushindana na kubadili mikakati yao kwa faida yao, na hilo ni haki yao; sisi tukishika maarifa ya kutengeneza, kila watakachokibuni kitatufikia kikiwa mali, na tukiyakosa, kitatufikia kikiwa deni.